Oskar Barnack: Fundi mwenye pumu aliyeiweka kamera mfukoni

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi mpiga picha yeyote wa mitaani, awe wa Kariakoo, Mombasa au Kampala, alikuwa na idadi moja kichwani mwake: 36. Hizo ndizo picha zilizokuwamo katika mkanda mmoja. Zikishamalizika, mkanda ulipelekwa studio kusafishwa, na wenye arusi walisubiri siku kadhaa kabla ya kujua kama bibi arusi alifumba macho.

Studio hizo sasa ni chache, na simu za mkononi zimeichukua kazi hiyo karibu yote. Hata hivyo, ukubwa wa picha uliokuwa katika mkanda ule, yaani milimita 24 kwa 36, haukufa. Viwanda vinavyotengeneza kamera za dijitali za daraja la juu bado vinautumia kama kipimo cha kamera yenye ukubwa kamili, na mnunuzi hulipa fedha nyingi zaidi ili akipate.

Kipimo hicho kilienea duniani kutoka katika meza ya kazi ya fundi mmoja wa Kijerumani, Oskar Barnack, ambaye hakuwa mhandisi mwenye shahada, hakuwa mpiga picha wa kulipwa, na wala hakuajiriwa ili atengeneze kamera.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa wakati huu kwa sababu kizazi kilichozaliwa katika zama za dijitali kimeanza kuzitafuta tena kamera za aina yake, zile zinazofanya kazi kwa springi na magurudumu yenye meno, bila betri wala kioo cha kutazamia picha. Wanaozinunua husema wanataka utulivu na kupunguza kasi. Ukiyafuata maisha ya Barnack unakuta kwamba yeye alikuwa akikitafuta kitu kilicho kinyume kabisa.

Alizaliwa Novemba 1, 1879 katika kijiji cha Lynow, mkoa wa Brandenburg, kusini mwa Berlin. Familia yake ilihamia kando ya mji huo mkuu angali mdogo, na alipomaliza shule aliwekwa kuwa mwanagenzi kwa fundi wa Lichterfelde aliyekuwa akitengeneza vyombo vya wanajimu. Huko alijifunza kuchonga chuma kwa vipimo ambavyo jicho la kawaida haliwezi kuvitambua.

Kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa Ujerumani wa siku hizo, alipohitimu alifunga mzigo wake akazunguka kutafuta kazi na ujuzi, akafika hadi Vienna na Tyrol. Mwaka 1902 aliingia katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, kilichokuwa kikijulikana dunia nzima kwa lenzi zake. Alikaa hapo miaka minane.

Ni Jena ndiko tatizo lililoyageuza maisha yake lilikoanzia. Barnack alipenda kupiga picha za mandhari, na misitu ya Thuringia ilikuwa karibu. Lakini kamera ya wakati ule ilikuwa sanduku la mbao lililotumia vioo vilivyopakwa dawa, kila kioo kikiwa na ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Kioo kimoja kilitoa picha moja tu. Mtu aliyetaka kupiga picha kadhaa kwa siku alibeba sanduku, vioo vyenyewe vikiwa ndani ya vifuko vyao vya mbao, na stendi ya miguu mitatu.

Barnack alikuwa na pumu. Kuupandisha mzigo huo mlimani kulimkatisha pumzi. Baadhi ya watu wangeiacha kazi hiyo ya kujifurahisha na kutafuta nyingine. Yeye aliiona kuwa ni kasoro ya chombo wala si ya kifua chake.

Jaribio lake la kwanza lilishindwa. Alijaribu kukigawa kioo kimoja cha 13 kwa 18 ili kipokee picha ndogo kati ya 15 na 20, kisha akazikuza. Dawa iliyopakwa juu ya vioo vya siku hizo ilikuwa na chembechembe kubwa mno, na picha zilipokuzwa zilionekana kama zimemwagiwa mchanga. Alibaki na wazo lakini bila kitu cha kulibeba: negativu iwe ndogo, picha itakayosafishwa iwe kubwa.

Rafiki yake Emil Mechau, waliyefanya kazi pamoja Jena, alihamia kiwanda cha Ernst Leitz katika mji mdogo wa Wetzlar ili kuendeleza mashine ya kuonyeshea sinema. Mechau ndiye aliyempendekeza kwa mwajiri wake mpya, na Januari 1911 Barnack alianza kazi Wetzlar kama msimamizi wa karakana ya majaribio.

Leitz hakuwa mtengenezaji wa kamera. Jina lake lilitokana na hadubini. Mwaka 1907 kiwanda chake kilimtunuku Dk. Robert Koch hadubini yake ya 100,000. Huyu ndiye Koch aliyekuwa katika Visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akitafuta dawa ya malale miaka ile ile ya 1906 na 1907. Kwa kampuni ya namna hiyo, kamera lilikuwa jambo la mchezo, na ilivumilia tu kwamba fundi wake mmoja aliicheza michezo hiyo.

Karakana ya Wetzlar ilikuwa na jambo ambalo Jena hakulipata: mkanda wa sinema. Ulikuwa na upana wa milimita 35, wenye matundu pembeni, na chembechembe zake zilikuwa ndogo kuliko zile za vioo. Barnack alikuwa ameunda kamera ya sinema ya aluminiamu, na kwa kuushika mkanda huo kila siku aliona kwamba lile wazo lake la zamani lilikuwa limepata nyumba.

Picha moja ya sinema ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Aliiona kuwa ni ndogo mno kwa picha ya mnato, akaziunganisha mbili, na mkanda badala ya kupita wima akaulaza upite kwa upande. Hapo ndipo 24 kwa 36 ilipotokea. Hakuwa mtu wa kwanza wala wa pekee kufikiria kuuingiza mkanda wa sinema katika kamera ya picha za mnato. Wengine walilijaribu jambo hilo Ulaya na Marekani katika miaka hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kamera zao zimebaki katika vitabu vya wakusanyaji.

Kufikia mwaka 1914 alikuwa na kamera ya chuma yenye ncha za mviringo, inayoweza kuingia mfuko wa koti. Wataalamu leo huiita Ur-Leica, yaani Leica ya asili.

Inafaa kueleza kidogo jinsi kamera za ukoo huu zinavyofanya kazi, kwani ndiko unakoonekana uhodari wa mtu mwenyewe. Juu ya kamera kuna kifundo. Mpiga picha akikizungusha, meno yaliyomo ndani hushika matundu ya mkanda na kuuvuta kwa nafasi ya picha moja. Mzunguko huo huo hukaza springi ya pazia la kitambaa lililo mbele ya mkanda.

Kwa hiyo mtu hawezi kuliandaa pazia bila kuusogeza mkanda, na hawezi kuusogeza mkanda bila kuliandaa pazia. Kabla ya hapo, kosa la kupiga picha mbili juu ya kioo kimoja lilikuwa la kawaida hata kwa mabingwa. Barnack hakuandika onyo katika kijitabu cha maelekezo; aliliondoa kosa lenyewe kwa gurudumu moja.

Kitufe kikibonyezwa, pazia la kwanza hukimbia kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na pazia jingine hulifuata kwa nyuma. Mwanga huingia kupitia upenyo ulioachwa kati yao. Upenyo ukiwa mpana, mkanda hupata mwanga mwingi. Ukiwa mwembamba, hupata kidogo. Katika kamera zilizokuja kuuzwa baadaye, muda huo ulifika hadi sehemu moja ya 500 ya sekunde, na hesabu yote hiyo ilifanywa na springi. Hakuna waya hata mmoja.

Kamera ya mwanzo ilikuwa na kasoro zake. Mapazia yalikuwa hayajifungi yenyewe wakati wa kukazwa, hivyo mpiga picha alilazimika kuifunika lenzi kwa kifuniko kila alipozungusha kifundo, la sivyo mkanda uliungua kwa mwanga. Miaka ilipita kabla Barnack hajaimaliza kasoro hiyo.

Alipokuwa na chombo hicho mfukoni alianza kupiga picha alivyotaka: mitaa ya Wetzlar, mke wake, watoto wake wakicheza. Siku za mwanzo za Agosti 1914, tangazo la kuwaita wanaume vitani lilipobandikwa mjini, alikuwa hapo, akampiga picha askari mwenye kofia ya kijeshi aliyekuwa ametoka kulibandika na umati uliokuwa ukilisoma. Mpiga picha mwenye sanduku la mbao angekuwa bado anafungua miguu ya stendi yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1920 mto ulifurika na kuingia mitaani Wetzlar. Barnack alizunguka na kuyaandika mafuriko hayo kwa picha mfululizo. Mwandishi wa habari wa leo anayezitazama hatashangaa sana, kwa kuwa zinafanana na zile anazozipiga yeye mvua zinapozidi mjini kwake. Lakini wakati ule karibu hakuna aliyekuwa akifanya kazi kwa namna hiyo.

Pamoja na hayo, kamera ilibaki kuwa kamera ya mtu mmoja. Vita viliizuia, na baada ya vita Ujerumani iliingia katika dhiki ambayo wazee wake waliisimulia hadi kufa. Mwaka 1923 fedha ya nchi hiyo ilikosa thamani kabisa, watu wakabeba noti kwa vikapu kwenda kununua mkate. Kiwanda cha Wetzlar kilikuwa na wafanyakazi wa kuwalisha, na Ernst Leitz wa pili, aliyekirithi kwa baba yake mwaka 1920, alihitaji bidhaa mpya.

Kamera zipatazo 25 zilitengenezwa kwa majaribio mwaka 1923, wakapewa wapiga picha na wafanyabiashara wazijaribu. Majibu hayakuwa ya kutia moyo. Wengi walikataa kuamini kwamba negativu ndogo kama stempu ingeweza kutoa picha ya kutundikwa ukutani, na wapiga picha wa kazi walicheka kuambiwa waache masanduku yao.

Juni 1924 Leitz aliwaita wakuu wake wa idara. Wengi waliokuwa mezani hawakutaka fedha ya kiwanda cha hadubini itumbukizwe katika jambo lisilo na hakika. Mazungumzo yaliendelea kwa saa nyingi. Mwishowe Leitz aliyakata mwenyewe kwa kuamua kwamba wataibeba hatari hiyo, na kikao kikafungwa. Iwapo kamera ingeshindwa, Barnack angebaki fundi aliyewapotezea wenzake kazi.

Ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica, ambalo ni muungano wa Leitz na kamera. Lenzi yake iliundwa na Max Berek, mwanasayansi wa kiwandani hapo, na haki inataka jina hilo litajwe kila linapotajwa la Barnack. Bila lenzi iliyokuwa kali kiasi kile, wale waliocheka wangekuwa wamesema kweli.

Kuhusu zile picha 36, wapo wanaosimulia kwamba Barnack aliukata mkanda kwa urefu wa mikono yake miwili iliyonyooshwa. Ni hadithi tamu, na wapenzi wa kamera hawataki kuiacha, lakini msomaji aichukue kama hadithi.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Mwaka 1930 kamera iliwezeshwa kubadilishwa lenzi. Mwaka 1932 ilipata kifaa cha kupimia umbali kilichounganishwa na lenzi, na mwaka uliofuata ikapata uwezo wa kuliacha pazia wazi hadi sekunde nzima. Barnack alikuwa juu ya kazi yote hiyo, huku afya yake ikizidi kudhoofika.

Mwaka huo wa 1932 kijana wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, alijipatia Leica mjini Marseille. Alikuwa amerudi kutoka Ivory Coast, ambako homa ilikaribia kumwua. Kilichomvuta katika upigaji picha, kwa maelezo yake ya baadaye, ni picha ya Mhungaria Martin Munkácsi inayojulikana kwa jina la vijana watatu katika Ziwa Tanganyika, wakikimbilia mawimbini. Cartier-Bresson aliishika kamera ya Barnack kwa miongo mingi, akaifunika sehemu zake zinazong'aa ili watu wasiione, na akawa mwalimu wa karibu kila mpiga picha wa magazeti aliyemfuata.

Robert Capa naye aliichukua Leica katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilivyoanza mwaka 1936. Barnack hakuyaona hayo. Alifariki dunia Januari 16 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 56.

Sasa turudi kwa vijana wanaozinunua kamera za mikono leo. Barnack alitaka kamera nyepesi, ya haraka, isiyoonekana, itakayompa picha nyingi kwa gharama ndogo bila kumchosha. Ukiyaweka matakwa hayo mezani bila kumtaja mwenyewe, mtu atadhani unaeleza simu ya mkononi. Si ajabu kwamba wapiga picha wa masanduku walimlaumu kwa sababu zile zile ambazo watu wa mikanda huilaumu simu: kwamba picha zimekuwa nyingi mno, na kwamba mpigaji hafikiri kabla ya kubonyeza.

Hivyo wanaosema kamera hii ni chombo cha polepole wanaipima kwa saa ya leo. Kwa saa ya mwaka 1925 ilikuwa ya haraka kupita kiasi.

Pamoja na hayo, mwandishi wa makala haya haoni kwamba mapenzi hayo ni ya kujidanganya. Kuna jambo moja ambalo simu imelipoteza, nalo si la polepole wala la haraka. Katika kamera ya Barnack kila sehemu inaonekana inachofanya. Kifundo huvuta, springi husukuma, pazia hupita. Fundi wa saa mwenye bisibisi nyembamba na subira anaweza kuifungua, akaona kilichovunjika, akakichonga upya. Zipo Leica za miaka ya 1930 zinazopiga picha hadi leo baada ya kusafishwa na kubadilishiwa pazia. Simu ya miaka kumi iliyopita, hata ikiwa haina mkwaruzo, mara nyingi imeshakataliwa na programu zake yenyewe.

Gharama ni suala jingine, na wauzaji hawalisemi sana. Mkanda umekuwa ghali, mahali pa kuusafisha ni pachache, na mwenye kuishi mbali na miji mikubwa hana budi kununua dawa na kujisafishia gizani. Mtu akijua kwamba kila picha inamtoa fedha mfukoni, ataitazama sura iliyo mbele yake mara mbili. Hilo ni kweli, ingawa kwa Barnack mwenyewe mkanda ulikuwa ndiyo njia ya unafuu.

Kampuni iliyozaliwa na kamera yake nayo ilipitia misukosuko. Ilichelewa kuingia katika dijitali, na miaka ya utukufu ilipofuatiwa na mwaka 2005 wa madeni, ilikaribia kufunga milango. Ilitoa kamera yake ya kwanza ya dijitali katika familia ya M mwaka 2006. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka 2014 ilitoa pia M-A, kamera ya mkanda isiyo na mahali pa kuweka betri, na mwaka 2022 ikarudisha sokoni M6, ambayo ilikuwa imeacha kutengenezwa miaka mingi nyuma. Mwaka 2024 kampuni ya Pentax ya Japani nayo ilileta kamera mpya ya mkanda, yenye mkono wa kuuvuta kwa kidole gumba.

Juni 2022, moja ya zile kamera za majaribio za 1923, nambari 105, iliuzwa kwa mnada mjini Wetzlar. Ilikuwa mali ya Barnack mwenyewe, aliyoitumia kwa miaka kadhaa kujaribu marekebisho yake, na jina lake limechongwa juu yake. Pamoja na ada za mnada, mnunuzi alilipa euro milioni 14.4, bei ambayo hakuna kamera nyingine iliyokuwa imewahi kuifikia.

Ile ya mwaka 1914, iliyozaliwa na kifua kilichoshindwa kupanda vilima vya Thuringia, haijapigwa mnada. Iko Wetzlar, mikononi mwa kampuni.